Somo kwa Vyama vya Msingi: Mizigo ya Wapagazi wa Njia ya Tabora

Shabaha ya somo

Waswahili husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeuweka mzigo begani mwake huuona mwepesi, naye aubebaye ndiye ajuaye kiasi chake. Somo hili lakusudia kuchunguza namna wapagazi wa zamani, waliopita njia kuu baina ya Pwani na Tabora, walivyofunga, walivyopima na walivyogawana mizigo yao. Aina mbalimbali za mizigo zitalinganishwa, faida na kasoro zake zitatajwa, kisha mafunzo yake yatatazamwa juu ya magunia, marobota na ndoo za asali ambazo wanachama wa vyama vya ushirika huzishughulikia kila msimu.

Inafaa viongozi wa vyama walisome somo hili kwa sauti mbele ya wanachama, sehemu moja moja, na kuyajadili maswali yaliyowekwa mwishoni.

1. Njia na wachukuzi wake

Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya biashara katika nchi ya Unyanyembe. Kutoka Bagamoyo misafara ilipita Usagara, Mpwapwa na nchi kavu ya Ugogo mpaka Unyanyembe. Hapo njia iligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji penye ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine kusini kupitia Ufipa. Kutoka Pwani hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134.

Mtu aweza kuuliza kwa nini safari ndefu namna hiyo haikufanywa kwa wanyama au magari. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mbung'o na maradhi, ambavyo viliwaua wanyama wa kubeba. Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alichukua punda 27 na farasi wawili. Farasi wote wawili walikufa mapema, kabla msafara haujafika mbali. Ya pili ni njia yenyewe, iliyokuwa nyembamba kiasi cha kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Stanley alitengenezewa hata mkokoteni mwembamba ili upite katika njia hiyo, lakini ulimchelewesha kuliko ulivyomsaidia, ukaachwa porini.

Basi uchumi wote wa njia ile ulitegemea bega na kichwa cha binadamu. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Wengi wao walisafiri katika miezi ya kiangazi, baada ya mavuno, wakarudi kulima mvua zilipokaribia. Walipatana ujira kwa safari nzima, wakapewa sehemu yake mbele kwa nguo, na njiani wakapewa posho ya kila siku, ambayo kwa desturi ilikuwa kibaba cha nafaka. Wake za baadhi yao walifuatana nao, wakibeba vyungu na chakula. Haifai hata hivyo kusahau kwamba si wote waliobeba katika njia ile walikuwa huru. Misafara mingi ilichanganya wapagazi wa ujira na watumwa.

2. Kipimo cha mzigo

Kipimo cha biashara kilikuwa frasila, ambayo ni ratili 35 au karibu kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani frasila mbili au pungufu kidogo, sawa na kilo 27 hadi 32. Juu ya mzigo huo mpagazi alichukua vyombo vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia, chungu, chakula, na mara nyingi silaha. Kwa hiyo uzito wote uliomkalia mtu ulikuwa zaidi ya ule ulioandikwa na mwenye mali.

Kipimo hiki hakikutungwa na mtu mmoja. Kilitokana na maarifa ya muda mrefu juu ya kiasi ambacho mtu mwenye afya aweza kubeba kila siku kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, katika joto na njaa, bila kuanguka. Mtu aweza kuinua kilo 60 kutoka chini na kutembea nazo hatua kadhaa. Kilo 60 hizo hazibebeki kutoka Bagamoyo hadi Tabora. Uzito wa haki hupimwa pamoja na masafa, na hesabu isiyotaja masafa ni nusu ya hesabu.

3. Aina za mizigo zikilinganishwa

(a) Mtumba wa nguo. Nguo ndizo zilizokuwa fedha ya njia ile: merikani, yaani nguo nyeupe isiyopaushwa iliyotoka Marekani, na kaniki, nguo iliyotiwa nili kutoka Bara Hindi. Majora yalipangwa, yakakazwa kwa nguvu mpaka yakawa kitu kirefu cha mviringo mfano wa mto wa kulalia, yakafunikwa jamvi na kufungwa kwa kamba za makumbi. Kisha mtumba ulifungiwa fito ngumu zilizotokeza upande mmoja na kukutana kama panda. Fito hizo zilikuwa na kazi tatu. Ziliuzuia mtumba usipinde katikati. Zilimpa mpagazi mahali pa kushika. Na wakati wa kupumzika, mzigo uliegemezwa kwenye mti huku ncha za fito zikiwa chini, hata nguo zisiguse tope wala mchwa, na mpagazi akaweza kuutwaa tena begani bila kuinama. Anayejua taabu ya kuinua mzigo kutoka ardhini mara kumi kwa siku atafahamu thamani ya fito hizo. Kasoro ya mtumba ilikuwa maji: nguo zikilowa katika mto, uzito huzidi na ukungu huingia.

(b) Mfuko wa shanga. Shanga zilitiwa katika mifuko mirefu myembamba ya merikani, nayo ikatiwa fito kama mtumba. Mzigo huu ulionekana mdogo lakini ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana, kwa sababu shanga hukaa karibukaribu. Mshono mmoja ukifumuka, mali yote humwagika njiani. Hivyo usalama wake ulitegemea mshonaji kuliko mbebaji.

(c) Waya wa shaba. Waya ulizungushwa kuwa pete kubwa, pete zikatundikwa katika ncha mbili za mti uliolala begani, mfano wa mzega wa mchota maji. Faida yake ni usawa wa uzito pande mbili na urahisi wa kubadilisha bega. Kasoro yake ni kwamba mti huyumba na kunaswa na matawi msituni.

(d) Pembe ya ndovu. Hii ilichukuliwa begani na wapagazi wenye nguvu, na kubeba pembe kulikuwa heshima. Katika ncha ya pembe ilifungwa kengele, na katika mwisho wa pili mpagazi alifunga vyombo vyake vichache. Pembe ndogo zilifungwa pamoja mpaka zikatimiza mzigo mmoja. Pembe kubwa zilivuka kipimo cha kawaida, nazo zilipewa watu maalumu.

(e) Mzigo wa watu wawili. Kitu kilichokuwa kizito mno kwa mtu mmoja na kisichoweza kugawanywa kilifungwa katika mti mrefu, kikachukuliwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Namna hii iliitwa mzigaziga. Ilisaidia pembe kubwa na wagonjwa, lakini iliwachosha wachukuzi upesi, kwa kuwa hatua zao hazikulingana, na katika mteremko uzito wote humwelemea wa mbele.

(f) Kilindo. Hiki ni chombo cha mviringo kilichotengenezwa kwa gome la mti. Watu wa nchi za miyombo walikitumia kwa nafaka na vitu vingine vya kuhifadhi. Ni chepesi, hakihitaji fundi wa mbali, na kikiharibika chaweza kutengenezwa upya popote penye mti ufaao. Kasoro yake ni kupasuka kikiangushwa.

(g) Sanduku. Wasafiri wa Ulaya walipenda masanduku kwa sababu hufungwa kwa kufuli. Wapagazi hawakuyapenda. Sanduku halifuati umbo la bega, na pembe zake hukata nyama. Watu wa Pwani waliozoea kubeba kichwani waliweza kulichukua juu ya kata ya nguo, lakini Mnyamwezi aliyezoea bega aliliona adui. Hapa umbo la mzigo lilichaguliwa na mwenye mali kwa ajili ya usalama wa mali, na gharama ya uchaguzi huo ikalipwa na shingo ya mtu mwingine.

Katika siku hizi wapanda milima na watu wa safari ndefu hutumia shanta kubwa zenye fremu, mikanda ya mabega na mkanda mpana wa kiunoni. Mkanda huo huhamisha sehemu kubwa ya uzito kutoka mabegani na kuiweka juu ya nyonga, nayo fremu hufanya kazi iliyofanywa na fito za mtumba, yaani kuupa mzigo umbo lisilopinda. Lakini hata shanta iliyo bora haifuti haja ya kipimo. Katika Mlima Kilimanjaro, mizigo ya wapagazi hupimwa langoni, na kanuni ya hifadhi inataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Kipimo hicho ni kidogo kuliko kile cha njia ya Tabora, nacho hupimwa kwa mizani kabla ya hatua ya kwanza.

4. Mtumba uliopita pasipo kushukiwa

Mfano mmoja wa kihistoria waonyesha jinsi umbo la mtumba lilivyojulikana na kila mtu. David Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Wafuasi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili, wakaufunga kwa nguo, wakautia ndani ya gome la mti na kuufunika kwa turubai, kisha wakaufunga katika mti ili watu wawili wauchukue. Walifika Unyanyembe mwezi Oktoba 1873. Huko Luteni Cameron aliwashauri wauzike mwili palepale. Wao wakakataa, wakaendelea na safari.

Mashariki ya Unyanyembe, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Wachukuzi wakafanya hila. Walitengeneza furushi la mabua lenye umbo la maiti, wakawatuma wenzao walirudishe Unyanyembe kana kwamba wamekubali kuzika. Mwili wenyewe waliufunga upya ukawa na sura ya mtumba wa kawaida wa nguo. Tangu hapo haukuulizwa na mtu, ukafika Bagamoyo mwezi Februari 1874.

Jambo la kuzingatia hapa ni uhodari wa watu wale katika ufundi wa kufunga. Waliweza kubadili mzigo wa watu wawili kuwa mzigo wa mmoja, wakaupa umbo ambalo kila mlinzi wa njia alilifahamu. Jambo la pili lafaa kuzingatiwa na kila mpokeaji wa mazao: umbo la nje lililozoeleka huondoa maswali. Robota au gunia lililoshonwa vizuri laweza kuficha kilichomo ndani. Ndiyo sababu macho peke yake hayatoshi kuwa kipimo wala ukaguzi.

5. Kugawa mzigo, na pale kipimo kilipovunjwa

Asubuhi ya safari ilikuwa saa ya magomvi. Mizigo iliwekwa pamoja, na kila mtu alitaka iliyo myepesi. Misafara iliyosimamiwa vyema iliwapa wanyapara kazi ya kugawa, na kila mpagazi akaujua mzigo wake tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa njia hiyo aliujua, akautunza, akarekebisha kamba zake mwenyewe. Pale mizigo ilipogawanywa kwa fujo, wenye nguvu walijichagulia myepesi, na wanyonge wakaachiwa mizito. Mpagazi aliyeelemewa hakuwa na mahakama ya kwenda. Jibu lake lilikuwa kuutua mzigo usiku na kutoroka. Wenye misafara wengi waliita jambo hilo uasi. Mara nyingi lilikuwa hesabu ya mizani iliyokataliwa mchana na kufanywa usiku.

Dawa ya mzigo mzito ilikuwa kuugawa. Stanley alipoanza safari yake ya pili mwaka 1874 alikuja na mashua iitwayo Lady Alice, iliyotengenezwa kwa vipande ili ibebwe. Vipande hivyo vilipofika Unguja vilionekana kuwa vizito kupita kiasi, ikabidi fundi avitengeneze upya viwe vyembamba zaidi. Mashua haikupungua kitu kwa kugawanywa; ilifika ziwani, ikaunganishwa, ikaelea.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara mikubwa ikakoma. Lakini mwaka huohuo vita vya dunia vilianza, na majeshi ya pande zote yakarudia bega la binadamu. Safari hii watu wengi walichukuliwa kwa nguvu. Hapakuwa na mapatano ya ujira, wala msimu wa kurudi kulima, wala haki ya kukataa. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo katika jiji la Dar es Salaam limetokana na jeshi hilo la wachukuzi. Uzito wa mzigo mmoja haukutofautiana sana na ule wa zamani. Kilichoondolewa ni mapatano, na pamoja nayo yaliondoka maisha ya watu.

6. Mafunzo kwa vyama vya ushirika

Kwanza, magunia. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba cha kamba au wavu, ni mzigo usio na frasila. Mnunuzi hulihesabu kuwa gunia moja. Tuseme kwa mfano kwamba kilemba hicho kina kilo 20. Mwanachama auzaye magunia kumi ya namna hiyo ametoa kilo 200 bila malipo. Kanuni za vipimo za Tanzania zinakataza lumbesa na zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mchukuzi naye huinama chini ya uzito ambao haukuandikwa katika ujira wake. Basi lumbesa huwaibia watu wawili kwa mara moja: mkulima kwa mizani, na mchukuzi kwa mgongo.

Pamoja na hayo, hata gunia halali la kilo 100 si mzigo wa mtu mmoja. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima, na likashauri kiasi pungufu zaidi kwa wanawake na vijana. Chama kinachotumia magunia ya kilo 50 katika maghala yake kimefanya kama fundi wa Unguja: kimegawa mzigo, na mali haikupungua.

Pili, marobota ya tumbaku. Robota hufanana na mtumba kwa kila hali: hukazwa, hufunikwa na kufungwa. Yapasa kila robota liwe na alama ya mwenyewe na daraja la tumbaku iliyomo, lipimwe mbele ya mwanachama, na uzito wa kifungashio utolewe waziwazi katika hesabu. Robota lisipangwe juu ya ardhi tupu. Vichaga vya miti vitoe nafasi chini, kama fito za mtumba zilivyoinua nguo kutoka kwenye tope. Unyevu huongeza uzito leo na huleta ukungu kesho.

Tatu, asali. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 28 hivi, yaani mzigo kamili wa mpagazi, ilhali ndoo hiyohiyo ya maji ina kilo 20. Mrinaji anayefunga ndoo mbili juu ya baisikeli amepakia kilo 56, karibu frasila tatu na nusu. Afunge moja kila upande, kwa mfano wa mzega, na vifuniko vibane. Aidha chama kinunue asali kwa uzito, si kwa ndoo, kwa kuwa asali yenye maji mengi ni nyepesi kuliko asali pevu ya ujazo uleule, na anayenunua kwa ndoo hamlipi yeyote kwa ubora wa kazi yake.

Nne, watu. Kabla ya kupakia gari, msimamizi wa ghala ataje uzito wa kila mzigo, idadi yake na ujira wake. Wachukuzi wasikie, wakubali, kisha waanze. Hiyo ndiyo desturi njema iliyoachwa na njia ya Tabora: uzito ujulikane mapema, umbo limfae abebaye, na mzigo wenyewe uwe na mtu anayeuitikia.

7. Maswali ya mazungumzo katika vyama

1. Je, mizani ya chama ilikaguliwa lini kwa mara ya mwisho, na cheti chake kimebandikwa mahali ambapo wanachama wote huweza kukisoma?

2. Katika msimu uliopita, ni wanachama wangapi waliouza kwa lumbesa nje ya chama? Kila mmoja alipoteza kilo ngapi?

3. Magunia ya chama yana uzito gani? Je, yaweza kupunguzwa pasipo kuongeza gharama kubwa ya vifungashio? Fanyeni hesabu.

4. Nani hubeba mizigo ya chama kutoka ghalani hadi garini? Alishirikishwa lini katika kupanga uzito na ujira?

5. Linganisheni mtumba, mzega na mzigaziga. Ni namna gani kati ya hizo ifaayo kwa mazao ya chama chenu kutoka shambani hadi kituo cha kununulia, na kwa sababu gani?

Katibu aandike majibu katika kitabu cha mikutano. Swali la pili lijibiwe kwa tarakimu, kwa maana kilo zisizoandikwa ni sawa na kanda la usufi: kila mtu huziona nyepesi, isipokuwa yule aliyezibeba.